Kipima batri cha bluetooth kwenye kamio: namba hizi zina maana gani? (Lubumbashi–Kasumbalesa)

PapaKamio_Kampemba

Jambo yenu wote. Naomba wenye kujua umeme wa magari wanisomee namba. Uzi utakuwa mrefu, mnisamehe.

Nina kamio (lori) moja tu, ya volti 24, batri mbili za Ah 100 (ampia-saa, kiasi cha umeme kila moja inachobeba) zimeungwa kwa mfululizo. Inabeba mzigo kati ya Likasi, hapa mjini na Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ndani ya miezi kumi na minne nimenunua batri tano. Muuzaji wa batri nikimfuata ananiambia alternatere yako, ile inayochaji batri injini ikikimbia, imekufa. Fundi wa alternatere anaifungua, anaipima, ananiambia alternatere haina neno, wewe umeuziwa batri za zamani zilizooshwa na kubandikwa karatasi mpya. Kila mmoja ananirudisha kwa mwenzake, na pesa inatoka mfukoni kwangu pande zote mbili.

Katikati ya hayo nikaanza kumsema shofere. Ni mtu mzima, mwenye umri wa kaka yangu mkubwa, tangu siku ya kwanza namwita yaya. Lakini mnajua foleni ya mpakani. Kamio inakaa siku mbili, tatu, inasogea mita ishirini inazimwa tena. Siku ya tatu alfajiri napigiwa simu: haiwaki, tumeomba wenzetu watustue kwa waya, wanataka pesa. Mara ya nne hiyo! Nikawaza ya kuwaza. Anasikiliza redio usiku kucha, analala taa ikiwaka, anachajia watu simu kwa malipo. Nikamwambia hivyohivyo kwenye simu. Akanyamaza, akakata. Siku mbili hakupokea.

Mdogo wangu alikuwa Dar es Salaam kufuatilia gari, akarudi na vipima batri vitatu vya bluetooth. Ni kidude kidogo kama kibiriti, kina waya mbili, nyekundu na nyeusi, unazifunga kwenye nguzo za batri. Simu inasoma volti, na chenyewe kinaandika kila dakika chache hata kama simu haipo. Ukirudi karibu, simu inanyonya kumbukumbu zote na kuchora mstari wa usiku mzima. Kimoja kipo kwenye IST yangu ya taxi, viwili kwenye kamio, kila batri na chake.

Safari ya juzi Kasumbalesa imetoa hivi. A ni batri ambayo hasi yake inakwenda kwenye chasisi, B ni ile ya juu yake.

Injini ikikimbia barabarani: A 13.2, B 14.9.
Usiku wa kwanza kwenye foleni: A 12.5, B 12.7.
Usiku wa pili: A 12.2, B 12.7.
Alfajiri ya siku ya tatu: A 11.8, B 12.6.
Wakati wa kuwasha: A imeanguka hadi 7.4, B 10.9. Injini haikuwaka.

Swali langu: niende kumgombeza nani?

Fundi_Katuba

Papa, kwanza pole. Pili, usigombeze mtu bado.

Batri mbili zilizofungwa mfululizo, umeme unaotoka kwa moja ndio unaopita kwa nyingine. Demare (stata) ikivuta, inavuta kwa zote sawasawa. Taa za kamio zikivuta, sawasawa. Kwa hiyo zilipaswa kushuka pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Yako A inashuka peke yake. Maana yake kuna mtu anakula kwenye sahani moja tu.

Tazama upande wa kuchaji. 13.2 na 14.9, jumlisha: 28.1. Kwa kamio ya 24 hiyo ni safi kabisa, alternatere hutoa kati ya 27.6 na 28.8 hivi. Fundi wako hakukudanganya. Alipima jumla, akaona 28, akafunga kapo (boneti). Lakini alternatere haijui kwamba ndani kuna batri mbili, yenyewe inaona jumla tu. A ina njaa inabaki 13.2, haishibi hata siku moja. B imeshiba, inasukumiwa 14.9 kilomita zote mpaka inachemka. Nenda ufungue vifuniko vya B uangalie maji. Kama hujaona vyuma vimetoka juu ya maji, njoo unicheke.

Halafu fuata nguzo chanya ya A, pale inapounganika na hasi ya B. Kuna waya mwembamba hapo. Nakuambia kabla hujafika.

Mzee_Likasi

Vijana mnapenda vitu vya simu. Mimi nimetengeneza magari tangu enzi za Zaire. Mita ya dola tano, unaweka ncha mbili, unasoma. Huhitaji bluetooth. Hata hivyo vidude vyenyewe vinakula umeme wa batri, vinaongeza tatizo juu ya tatizo.

Fundi_Katuba

Mzee wangu, heshima zako nazitunza. Mita ni mama wa kazi hii, na mimi sitembei bila yangu. Lakini ile mita inapima saa ile umeishika. Nani ataamka saa tisa za usiku Kasumbalesa, avue blanketi, afungue sanduku la batri, apime, aandike, alale, aamke tena saa kumi?

Kuhusu kula: vidude hivi vinatumia kama miliampia 1 mpaka 2. Tuseme 2. Kwa mwezi mzima ni kama Ah 1.5. Batri ya Ah 100 inapoteza zaidi ya hapo ikikaa chini peke yake bila waya wowote.

Mzee_Likasi

Sawa. Hesabu nimeiona. Lakini mita nunueni.

Dereva_Tunduma

Salamu kutoka Tunduma, wakuu. Huku tunasema betri, msinicheke. Mimi napitisha mzigo Nakonde mpaka kwenu Kasumbalesa, foleni ile naijua kwa harufu.

Niongeze kitu kwa wanaosoma ambao gari zao ni 12 za kawaida, maana wengi huona namba kwenye simu wakashtuka au wakatulia bila sababu. Betri ya maji na risasi ikiwa imepumzika saa kadhaa, 12.6 kwenda juu imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo, na hapo tayari unaiumiza. Ikikaa chini hivyo siku nyingi, chumvi ya salfati inaganda kwenye sahani zake, hata ukichaji wiki nzima haimezi tena. Injini ikiwaka uone kama 13.8 mpaka 14.5. Chini ya 13.2 muda wote, haichajiwi. Juu ya 15, inapikwa. Wakati wa kupiga stata mstari unaanguka ghafla, ni kawaida, ila usipite chini ya 9.6.

Neno "imepumzika" ndilo lenye siri. Ukizima gari sasa hivi ukasoma 12.9, usifurahi, hiyo ni povu la juu, kama soda iliyomiminwa sasa hivi. Washa taa kubwa dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo, soma tena. Wauza betri za mtumba wanalijua povu hili vizuri sana. Anaitoa kwenye chaja mbele yako, anapima 13, unalipa, unaondoka. Mimi nilinunua ya hivyo, sitasema wapi. Kesho yake ilikuwa 12.1.

MamaTaxi_Kenya

Jambo baba na kaka zangu. Niko Kenya, Kenya ya hapa Lubumbashi, komini, si ile ya Nairobi 😄. Nina taxi mbili na mashofere wawili. Je, nikifunga hiki kidude nitaona batri nikiwa nyumbani, gari ikiwa Ruashi au Kolwezi?

PapaKamio_Kampemba

Hapana, mama. Bluetooth ni mita kumi hivi, na kapo ya chuma inazipunguza. Mimi lazima niwe karibu na kamio, au yaya asome kwa simu yake anipigie picha ya skrini kwa WhatsApp. Ila historia haipotei, gari ikirudi jioni uwanjani simu inavuta ya siku nzima.

Ukitaka kuona kutoka mbali unahitaji traka, kifaa cha kufuatilia gari, yenye laini ya simu. Nyingi zinaonyesha na volti za batri kwenye ramani. Lakini hiyo inataka mega za intaneti kila mwezi, nayo inakula umeme zaidi, maana inatafuta mnara wa simu usiku na mchana.

MamaTaxi_Kenya

Aksanti papa. Traka ninazo, nilikuwa sijui kama zinaonyesha volti. Naenda kuangalia.

PapaKamio_Kampemba

Nimerudi. Fundi_Katuba, sikuja kukucheka.

Jana kamio imefika, tumeipeleka garaji. Maji ya B: seli nne kati ya sita vyuma viko wazi. A ina maji mpaka juu, safi kama hajaguswa na mtu. Hapa nikakumbuka kwamba mara mbili nilishamgombeza yaya kwamba hajazi maji ya batri sawasawa, anaijaza moja anasahau nyingine. Kumbe alikuwa anajaza zote, B ilikuwa inachemsha.

Tukafuata chanya ya A. Waya upo. Mwekundu, mwembamba, umepita chini ya zulia la kabini. Unakwenda kwa redio ya volti 12. Na kutoka hapo hapo umegawanywa: mmoja kwa tundu la kuchajia simu, mwingine nyuma ya kiti kwa amplifaya ya zamani ambayo spika zake zilishatolewa. Amplifaya haina spika, haitoi sauti, lakini imeunganishwa moja kwa moja bila swichi. Tumeipima kwa ampia, redio imezimwa kabisa, ufunguo mkononi mwangu: 0.6.

Fanyeni hesabu. 0.6 mara saa 24 ni Ah 14.4 kwa siku. Siku tatu za foleni, Ah 43. Karibu nusu ya batri A, na A yenyewe haikuwa imejaa tangu mwanzo kwa sababu ya zile 13.2. Yaya angeweza kulala gizani, bila redio, bila simu, akiomba rozari, kamio isingewaka.

Sasa sikilizeni lililoniuma. Huo waya nani aliuweka? Mimi. Nilipoinunua kamio nilitaka redio nzuri, redio niliyokuwa nayo ni ya 12, elektrisien akaniambia papa hakuna shida, tunachukua kutoka batri moja, umeokoa pesa. Nilimlipa mwenyewe, nikamwongezea na ya soda.

Dereva_Tunduma

Hahaha, hilo la soda ndilo baya kuliko yote.

Mzee, usijilaumu peke yako. Nusu ya malori yanayopita hapa yana waya huo. Redio ya 12, feni ya 12, chaja ya 12, yote yananyonya betri moja. Halafu tunasema betri za siku hizi ni mbovu.

Fundi_Katuba

Dawa yake ni kipunguza volti, kinaingia 24 kinatoka 12. Ampia 10 zinakutosha kwa redio na simu. Kinachukua kwa batri zote mbili sawasawa. Amplifaya tupa. Weka fizibo (fyuzi) karibu na batri, si kule mwisho kwa redio, kwa sababu waya ukikwaruzwa njiani ukagusa chasisi, fizibo ya mwisho haitakusaidia, kabini itaungua.

Halafu papa, hapa utanichukia. Usibadilishe A peke yake. Ukiweka mpya pamoja na B iliyochemshwa, miezi miwili utarudi hapa kufungua uzi mwingine. Batri za mfululizo zinanunuliwa pacha: aina moja, siku moja. Na kabla ya kuzifunga, chaji kila moja peke yake kwa chaja ya 12 mpaka zilingane.

PapaKamio_Kampemba

Yaani batri ya sita na ya saba.

Fundi_Katuba

Ya sita na ya saba, papa.

mwana_informatike_Bkv

Naingia kutoka Bukavu na jambo ambalo hamjaligusa. Mmeitazama ile programu ya simu inaomba ruhusa gani?

Vidude vingi vya aina hii vinaomba ruhusa ya kujua mahali ulipo. Sababu moja ni ya kweli: kwenye Android za kabla ya toleo la 12, simu haikuruhusu programu kutafuta vifaa vya bluetooth vya aina hii bila kupewa ruhusa ya mahali. Kwa hiyo kuombwa tu si ushahidi wa wizi. Lakini ukishatoa, programu inaweza kufanya nayo mengine. Mwaka 2023 mtafiti mmoja wa usalama alifungua programu ya kipima kimoja kinachouzwa sana, akakuta inatuma mahali simu ilipo kwa GPS, pamoja na taarifa za minara ya simu na Wi-Fi za jirani, kwenda seva za ng'ambo. Kwa kazi ya kusoma volti! Volti zinatoka kwenye batri mita moja mbele yako, seva za nini?

Kwa mtu wa kamio nadhani mnaelewa. Mahali kamio inapolala, inapopakia, saa inazopita.

Mimi nilifanya hivi: simu ya zamani isiyo na laini, haiunganishwi intaneti kamwe, programu iko humo tu. Volti inasomeka vilevile, maana bluetooth haihitaji mega hata moja. Kama programu inakataa kufunguka bila intaneti au bila kukuandikisha barua pepe, ifute, tafuta kidude kingine.

MamaTaxi_Kenya

Mungu wangu. Na mimi programu nimeshaipakua, nimeshakubali kila kitu ilichoniuliza.

mwana_informatike_Bkv

Ingia kwenye mipangilio ya simu, programu, ruhusa, ondoa mahali. Kama simu yako ni Android 12 au zaidi, programu nzuri itaendelea kufanya kazi na ruhusa ya vifaa vya karibu tu. Ikigoma, umeijua tabia yake.

Mzee_Likasi

Mita yangu haijawahi kuniuliza ninaishi wapi.

Dereva_Tunduma

😂😂 Mzee kashinda.

Bwana_Solaire

Swali la pembeni. Mimi gari yangu ina batri ya pili ya lithiamu nyuma, ya friji na taa, nauza vinywaji baridi njia ya Kolwezi. Nilifunga kipima kama hiki kikawa kinasema asilimia 100, 100, 100, halafu ghafla giza. Kibovu?

Fundi_Katuba

Si kibovu, umekipa kazi isiyo yake. Kipima hiki hakijui kiasi cha umeme uliobaki, kinasoma volti halafu kinakisia asilimia kwa jedwali la batri ya risasi. Lithiamu ya LiFePO4 inashikilia volti ileile karibu mpaka mwisho, kama mtu anayecheka mpaka anazimia. Kwa hiyo unahitaji kile cha shanti: chuma kinachofungwa upande wa hasi, umeme wote unaoingia na kutoka unapita hapo, kinahesabu ampia-saa. Victron wana SmartShunt, nayo inasomeka kwa bluetooth. Bei ni nyingine kabisa. Na uangalie usiache hata waya mmoja wa hasi uende kwenye batri bila kupita kwenye shanti, la sivyo hesabu ni ya uongo.

Na kwa wenye gari za miaka ya karibuni: alternatere zake zinaongozwa na kompyuta ya gari, volti zinapanda na kushuka ili kupunguza mafuta. Simu itakulilia "haichaji" wakati gari iko sawa. Usikimbilie kununua alternatere.

PapaKamio_Kampemba

Nimemaliza wiki tatu, nilete habari.

Kipunguza volti kimefungwa, amplifaya nimeitupa, batri pacha ziko ndani. Safari ya kwanza Kasumbalesa tulikaa siku mbili na nusu. A 12.6, B 12.6, siku ya mwisho 12.5 zote mbili. Barabarani 14.1 na 14.1. Niliitazama ile mistari miwili inavyokwenda pamoja nikahisi kama natazama watoto wakienda shule wameshikana mikono.

Vidude vyenyewe vina kasoro zake. Vyote viwili vinajitambulisha kwa jina moja kwenye simu, mara ya kwanza nilisoma A nikidhani ni B, mpaka nikabandika karatasi yenye namba zake za nyuma. Kimoja kiliingia maji tulipoosha kamio kwa pampu, kikazima, tukakikausha juani kikarudi. Sasa vimefungwa ndani ya plastiki. Na alarmu ya volti ndogo hailii kama simu haipo karibu, kwa hiyo usiitegemee kwa gari iliyolala uwanjani peke yake.

Kwenye IST nilichokiona ni kidogo tu. Usiku inashuka taratibu, kawaida. Ila haifiki 12.6 hata siku moja, kwa sababu shofere anazima kila abiria anaposhuka na kuwasha tena, mizunguko mifupi ya mjini, asubuhi za mwezi wa sita na baridi yetu hii. Jumapili naichaji usiku kucha kwa chaja, umeme wa SNEL ukikubali.

Sasa yaya. Nilimfuata nyumbani kwake Jumapili moja mchana, si kwa simu. Nilimchukulia kuku na mfuko wa unga. Nikamwonyesha mistari kwenye simu, nikamwambia waya ule nilimlipa mtu mimi mwenyewe. Akautazama sana, akauliza, "Kwa hiyo hiki kidude kilikuwa kinanisikiliza usiku?" Nikamwambia hapana, kinasikiliza batri. Akacheka kidogo. Akaniambia redio ile hakuipenda kamwe, mziki wake unakwaruza, alikuwa anaizima tangu pale njiani panapoitwa Whisky mpaka mpakani.

Programu sasa iko kwenye simu yake, ile ndogo isiyo na laini kama alivyosema ndugu wa Bukavu. Kila asubuhi ananitumia picha kwa simu yake nyingine kabla sijauliza. Jana aliongeza maneno chini yake: "12.6 na 12.6, na mimi nimelala vizuri."

Mzee_Likasi

Chanya ya kipunguza umeifunga wapi? Na fizibo ya ngapi?

PapaKamio_Kampemba

Chanya ya B, mzee, hasi kwenye chasisi. Fizibo ya 15, iko sentimita ishirini kutoka batri. Kesho kamio inapakia Likasi. Ukiwa na nafasi, pita upime na mita yako.